Tundu la Mlinzi Asiyeoa

Hapana, ndugu yangu, mkuki haukuwa wa kweli. Tangu gazeti la juma lililopita litoke, watu wananisimamisha njiani na swali ni hilo hilo. Hawaniulizi niliponaje, wala hawaniulizi mke wangu alisema nini. Wanauliza mkuki! Ulichongwa na fundi wa vitanda, ukapakwa rangi ya fedha, na ukiuegemea unapinda. Haya, mkuki tumeumaliza.

Sasa wewe mwingine kaa vizuri, maana ulilikosa gazeti la juma lililopita na sipendi mtu anisikilize huku kakunja uso.

Ile nyumba kubwa mbele ya maji, pale gati la zamani, ndiyo tuliyokaa sisi wapangaji tangu nikiwa kijana wa kubeba magunia bandarini. Ikanunuliwa, sisi tukatolewa. Wakaja mafundi. Wakaukwangua ukuta uliozeeka kwa jasho lake mwenyewe, wakapiga plasta mpya, halafu wakaajiri mtu wa kuizeesha. Leo ni hoteli ya kifahari. Pale uani tulipokuwa tunapanga foleni ya choo asubuhi, kila mtu na ndoo yake, sasa watu wanapanga foleni kupakwa tope usoni. Na wanashukuru.

Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, akapata kazi ya majaribio mapokezi. Siku moja Mkurugenzi akamwuliza, "Humjui mzee yeyote mwenye sura ya zamani?"

Mjukuu wangu, Mungu amuweke, akajibu, "Ninaye mmoja nyumbani."

Ndiyo nikaajiriwa. Kazi yangu ilikuwa kuvaa joho, kushika ule mkuki, kukaa kwenye kigoda kando ya tundu lililo ukutani na kuwaambia wageni kwamba mimi ni wa ukoo wa walinzi. Zamani, niseme, alikaa humu binti mfalme aliyefungiwa na baba yake. Mlinzi akampenda kupitia tundu hili. Hakumpata, akaapa hataoa. Na sisi walinzi tuliomfuata, baba kwa mwana, hatuoi.

Mtoto mmoja wa wageni akaniuliza, "Babu, kama hamuoi, huo ukoo unaendeleaje?"

Mkurugenzi akamnunulia aiskrimu.

Shida yenyewe ni kwamba mimi nina mke. Tena si mke wa jana. Mke wa kunizika, aliyenizalia watoto watano ndani ya nyumba hiyo hiyo. Na nyumbani sikusema nimeajiriwa kuwa mseja. Nilisema nimekuwa meneja wa mambo ya kale.

Alifurahi, jamani! Alinishonea tai kwa mkono wake. Majirani wote wakajua. Hata muuza mkaa alikuwa ananisalimu, "Shikamoo, meneja." Asubuhi natoka na tai, nikifika hotelini naivua, navaa joho. Jioni navua joho, naivaa tai. Moyo wangu ulikuwa unadunda kila nikipita kona ya kwetu, kama mwizi wa kuku.

Na lile tundu? Ah, tundu. Wataalamu walikuja na tochi na brashi za kupigia mswaki, wakalipima, wakaliinamia. Mmoja akasema ni la bunduki. Mwingine akasema la kuingizia hewa. Mkurugenzi akasema ni la mapenzi, kwa sababu mapenzi yanauzika. Wakaliwekea kioo huku na huku na taa ndogo juu.

Lile tundu alilichimba mke wangu.

Alisaidiana na dada yangu, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuwa anakaa chumba cha pili. Ukuta mmoja, wao huku sisi huku. Walichoka kuzunguka lile baraza refu na sufuria za moto, na watoto miguuni, basi siku moja mmoja akashika nondo upande huu, mwenzake akashika nyundo upande ule. Niliporudi kutoka kazini nikakuta mkono wa dada yangu umetokea ukutani unapunga.

Tangu hapo likawa na utaratibu wake. Aliyeivisha kwanza anagonga ukuta kwa mwiko. Ngo, ngo, ngo. Huulizi nani, huulizi nini. Unanyosha sahani. Ikirudi ina kitu. Watoto wetu walikua hivyo, hata leo hawakwambii nani alikula kwa nani.

Lakini siku ya kuhama, dada yangu alipanda lori akaenda kukaa kwa mwanawe upande wa pili wa mji. Hakumuaga wifi yake. Mke wangu akasema, "Sawa. Kama ndivyo, ndivyo." Na tangu siku hiyo hawasemeshani. Nikimtaja dada yangu, mke wangu anaanza kufagia mahali palipofagiwa. Nikimtaja mke wangu, dada yangu anauliza kama mvua itanyesha. Na mimi katikati yao kama mpira.

Juma lililopita niliishia pale Mkurugenzi aliponishika bega.

"Mzee wangu," akasema, "Jumamosi anakuja yule bwana anayezipa hoteli nyota. Amesikia habari za binti mfalme. Anataka kumwona mtu wa uzao wake."

"Uzao wake umekwisha," nikasema.

"Basi uanze tena kabla ya Jumamosi. La sivyo, mjukuu wako atafute mapokezi mengine."

Ndugu zangu, maji yakanifika hapa, shingoni.

Nikatoka, nikazunguka mji wote kichwani, nani ana sura ya kifalme? Mama mwenye duka la dawa? Ana haraka sana. Jirani yetu wa vitenge? Hawezi kunyamaza hata akilala. Mwisho miguu yenyewe ikanipeleka kwa dada yangu. Nikamkuta barazani anachambua mchele.

"Dada, nataka uwe binti mfalme."

Hakunyanyua macho. "Lini?"

"Jumamosi mchana."

"Kazi yake nini?"

"Kukaa kwenye kiti na kutikisa kichwa. Bibi yake bibi yako alifungiwa mule chumbani. Una huzuni, lakini si nyingi."

"Chakula kipo?"

"Kipo. Mpishi kavaa kofia ndefu kama bomba la moshi."

"Mkeo atakuwepo?"

"Hatakuwepo."

Akapepeta ungo mara moja, pumba zikaruka. "Basi mimi ni binti mfalme."

Jumamosi ikafika. Asubuhi mke wangu ananifunga tai, ananikaza kama anafunga gunia.

"Leo mna mgeni mkubwa," anasema. "Nikuletee chakula huko ofisini?"

"Hapana! Hapana, mama watoto. Kuna mpishi."

"Mpishi anajua wewe ukila kisicho na chumvi unapata kizunguzungu?"

"Nitamwambia."

"Na hao walio chini yako? Meneja mzima, watu wako wanashinda njaa unawatazama?"

"Watakula huko huko. Wewe pumzika."

Akaniangalia. Yule mwanamke akikuangalia hivyo, unahesabu vifungo vyako kama vyote vipo. "Haya," akasema. "Nimepumzika."

Mimi na ujinga wangu nikaamini.

Nikafika, nikavua tai, nikavaa joho. Mpambaji wa hoteli alikuwa ameshamchukua dada yangu, kampaka, kamvika taji la bati, kamkalisha kwenye kiti cha dhahabu ndani ya kile wanachokiita Chumba cha Binti Mfalme. Chumba chenyewe ndicho kilikuwa chetu, mimi na mke wangu. Pale penye kitanda chetu sasa pana beseni la kuogea lenye miguu ya simba. Pale tulipokuwa tunatundika nguo za watoto wametundika picha ya nguo.

Dada yangu akaangaza macho. "Kaka, mmebandua hata lile doa la chai."

"Walilibandua, halafu wakalichora upya pale kwenye pembe. Tazama."

"Halikuwa kubwa hivyo."

"Wanasema dogo halionekani kwenye picha."

Kwa heshima ya mgeni vioo vya tundu vilikuwa vimetolewa, ili achungulie mwenyewe na kuyasikia mapenzi ya kale kwa pua yake. Ndivyo Mkurugenzi alivyosema, kwa pua.

Bwana Nyota akaingia. Mtu mwembamba, mrefu, anapitisha kidole juu ya kila kitu halafu anakitazama kidole. Akanusa mto. Akafungua bomba, akafunga, akafungua tena. Akakaa kwenye ukingo wa beseni kama mtu anayejaribu farasi. Mkurugenzi nyuma yake anatoa jasho jembamba, mjukuu wangu nyuma ya Mkurugenzi kashika trei ya taulo baridi, na mimi kando ya tundu na mkuki wangu, sipumui nisije nikauegemea.

"Na huyu ndiye?" Bwana Nyota akauliza, akimtazama dada yangu.

"Ndiye," Mkurugenzi akasema. "Damu ile ile."

Dada yangu akatikisa kichwa. Taji likateremka mpaka kwenye nyusi. Akaliacha hapo hapo, kwa huzuni.

Chakula kikaletwa, kila mtu na sahani yake. Mpishi mwenyewe alikileta. Sahani kubwa kama sinia, nyeupe, na katikati kipande cha samaki kama kidole gumba, kimezungushiwa mistari ya mchuzi kama mtu aliyekuwa anajaribu kalamu. Juu kaweka jani moja.

Dada yangu akainama upande wangu. "Kaka, hii ya kuonja au ndiyo chenyewe?"

"Ndiyo chenyewe."

"Hili jani ni la nani?"

"Lako."

Akakitia mdomoni chote, na jani, akameza, akakaa anangoja. Kisha akaninong'oneza, "Sasa nimejua. Binti mfalme hakufa kwa mapenzi."

Nikabana kicheko mpaka joho likatikisika. Bwana Nyota akadhani nalia. Akanisogelea, uso umelainika.

"Mzee," akasema, "niambie kwa kweli. Maisha yako yote kando ya tundu hili. Hujawahi kutamani kuwa na mke?"

Mkurugenzi akanikazia macho. Mjukuu wangu akatazama taulo. Nami, ndugu zangu, nikifika jukwaani huwa sijui kushuka. Nikatia chumvi.

"Bwana mkubwa," nikasema, "mimi hata sijui mwanamke anakaaje ndani ya nyumba."

Ngo, ngo, ngo.

Roho ikaniruka ikakaa juu ya kabati.

Sasa nikwambie kilichotokea upande wa pili, alichonisimulia mjukuu wangu baadaye. Mke wangu alipumzika mpaka nilipopinda kona. Kisha akainjika sufuria kubwa ya maharage, ile ya kulishia wageni wa msiba, akaivisha, akaifunga kitambaa, akajitwika. Akaja mpaka hotelini. Hakupita mbele. Akapita mlango wa nyuma, ule wa kutupia taka, kwa sababu ndio aliokuwa akiupita miaka yote.

Mjukuu wangu alikutana naye kwenye ngazi, kabla hajatuletea taulo.

"Bibi! Huruhusiwi huku!"

"Nani? Mimi? Mama yako kaota meno kwenye ngazi hii. Babu yako yuko wapi?"

"Yuko... yuko kwenye mkutano. Chumbani kwenu. Mlango umefungwa."

"Si neno. Nitampa kupitia dirisha letu la ukutani."

Binti wa watu akadhani bibi anatania. Akakimbilia taulo zake.

Mke wangu akaingia chumba cha dada yangu cha zamani. Siku hizo kilikuwa stoo ya mashuka. Akatua sufuria. Akaliona tundu lake, halina kitu, halina kioo, linamtazama. Alivyoniambia mwenyewe, alisahau kama kuna meneja duniani. Mkono ukashika mwiko, mkono ukagonga.

Na upande wetu, nilipomaliza tu uongo wangu, dada yangu alikuwa amedakia maneno. Mkurugenzi alikuwa amemkonyeza aseme kidogo habari za bibi yake. Alikuwa anasema, "Basi bibi yangu akalia, akalia..." Aliposikia kugonga, hakumaliza kulia. Aliinuka na taji lake, akachukua ile sahani kama sinia, akaipitisha kwenye tundu kwa ubavu, akanyosha mkono mpaka kwapani, akangoja.

Hakuuliza nani, hakuuliza nini.

Tukasikia maharage yakianguka kwenye sahani, po, po, po. Harufu ya kitunguu ikaingia kwa binti mfalme.

Mkurugenzi akawa rangi ya plasta kabla haijazeeshwa.

"Hii ni nini?" Bwana Nyota akanong'ona.

"Ni..." nikasema. "Ndivyo alivyokuwa akilishwa. Binti mfalme."

"Na nani?"

"Na... jirani."

Sahani haikurudi. Ikabaki huko, na mkono wa dada yangu ukabaki huko nayo. Kisha ikaja sauti. Nilitamani ukuta unimeze, na mkuki wangu.

"Mkono huu naujua."

Dada yangu akajaribu kuuvuta. Haukutoka. Umeshikwa.

"Wifi?" sauti ikasema. "Ni wewe, chumbani kwangu?"

"Ni mimi."

"Unafanya nini?"

"Nimealikwa chakula."

"Ulipanda lori bila kuniaga, mwanamke wewe, halafu leo nikigonga unanyosha sahani! Huna haya?"

"Bila kukuaga?" Dada yangu sasa kashika ukuta kwa mkono wa pili, taji limeanguka, linabingirika chini ya beseni. "Niligonga! Dereva anapiga honi, mwanangu ananiita, nikasema siondoki sijamgongea wifi yangu. Nikagonga. Kimya. Nikanyosha mkono nikushike, nikakuta gunia. Umeshindilia gunia kwenye tundu letu! Nikasema basi, hata mkono wangu hautaki."

Tukasikia mwiko ukiwekwa chini upande wa pili.

"Gunia," mke wangu akasema taratibu, "walishindilia mafundi. Asubuhi. Ili vumbi lisitoke."

"Eh?"

"Nami nilikuwa nimekaa huku kwenye godoro lililokunjwa. Nangoja ugonge. Lori letu limeshajaa, mume wangu anapiga kelele, nikasema hapana, ngoja, atagonga. Sikusikia kitu."

Hata Mpishi alivua kofia.

Mimi mwenyewe nilikumbuka. Kweli nilipiga kelele siku ile. Nilimwambia shuka, unangoja nini, na yeye kakaa juu ya godoro anautazama ukuta. Nikadhani anautazama ukuta tu.

"Wifi," dada yangu akasema, na sauti imeanza kukatika, "mkono wangu utakufa ganzi."

"Uache ufe. Ulikuwa wapi siku zote?"

Walicheka. Wanawake wawili, ukuta katikati, wanacheka kama wamechanganyikiwa. Mjukuu wangu akalia kwenye taulo baridi. Bwana Nyota, yule wa kunusa mito, akatoa leso akapenga kamasi kwa sauti ya meli inayotia nanga.

Mkurugenzi akaniinamia sikioni. "Mzee, hii unaweza kuipanga kila Jumamosi?"

Sahani ikarudi imejaa, mchuzi unatiririka ukutani, kwenye plasta ya kuzeeshwa. Dada yangu akakaa kwenye kiti cha dhahabu, sahani mapajani, akala. Hakutikisa kichwa tena, wala hakuwa na huzuni hata kidogo.

Tukamtazama. Sisi wote tulikuwa tumekula kidole gumba na jani.

Bwana Nyota akakohoa. Akachukua sahani yake. Akasogea kwenye tundu kama mtu anayekwenda kuiba, akaipitisha.

"Na huyu nani, mwenye kucha safi hivi?" sauti ikauliza.

"Ni mgeni, mama," akasema. Mkubwa mzima, amekuwa mpole.

"Mgeni maskini, mkono umekonda. Hawakulishi?"

Akapewa. Akafuata Mkurugenzi. Akafuata mjukuu wangu. Mwisho kabisa, kofia kwapani na sahani nyuma ya mgongo, akafuata Mpishi. Foleni pale ilikuwa kama ile ya uani zamani, ila hapakuwa na ndoo.

Mimi sikusogea. Mimi nilikuwa nasali. Nilisema, Mungu wangu, akimaliza kupakua, abebe sufuria yake, ashuke ngazi, aende nyumbani, nami nitakuwa meneja wa kweli, nitakuwa chochote.

Mlango ukafunguliwa. Mke wangu kaingia, sufuria kiunoni, mwiko mkononi.

Akamwona wifi yake. Akamwona na poda na hariri. "Umevaaje wewe?" Wakakumbatiana na sufuria katikati yao, hariri ikapata maharage.

Kisha akaniona mimi.

Nikaegemea mkuki. Ukapinda.

"Na wewe," akasema, "mbona umevaa pazia? Tai yangu iko wapi?"

Nikafungua mdomo. Mkurugenzi akawahi, akaniminya mkono mpaka mfupa. Akasema kwa meno, anatabasamu kwa mgeni, "Mzee. Mjukuu wako ana kazi kuanzia leo, ya kudumu. Ilimradi uendelee kuwa hujaoa."

Huku nimeshikwa, kule natazamwa. Mjukuu wangu ananiangalia kwa macho yale yale aliyokuwa nayo akiwa mdogo akitaka abebwe.

"Mama yetu," Bwana Nyota akasema, kasimama, kashika sahani kwa mikono miwili, "karibu ukae. Umetulisha. Na ninyi mnaofahamiana na nyumba hii mmebarikiwa. Huyu mzee wenu ametutoa machozi."

"Amewatoa machozi?" mke wangu akauliza.

"Mlinzi wa mwisho! Maisha yake yote kando ya tundu lile. Hajaoa hata siku moja. Anasema hata hajui mwanamke anakaaje ndani ya nyumba."

Dada yangu akapaliwa. Mjukuu wangu akampiga mgongoni, akampiga kuliko ilivyohitajika.

Mke wangu alinitazama kuanzia viatu. Akapanda na joho. Akafika kwenye mkuki, akakaa hapo kidogo. Akafika usoni.

"Hajaoa," akasema.

"Hajaoa," Mkurugenzi akasema haraka.

"Maskini." Akautikisa mwiko, tone likaanguka kwenye zulia. "Sasa mtu kama huyo, jamani, nani humpakulia?"

"Leo mpakulie wewe, mama," Bwana Nyota akasema, na macho yamelowa tena.

Akatabasamu. Nalijua tabasamu lile. Mara ya mwisho kuliona, nilihamia kwa jirani mpaka hasira ilipopoa.

"Haya, kaeni," akawaambia. "Kaeni wote mle, yatapoa. Mbona mmesimama kama mnangoja meli?"

Wakakaa. Bwana Nyota kwenye ukingo wa beseni, Mkurugenzi juu ya kifuniko cha sanduku la kale lililotengenezwa mwaka huu, Mpishi chini sakafuni, kanyosha miguu. Dada yangu alimsogezea mjukuu wangu nusu ya kiti cha dhahabu. Sahani mapajani, vijiko vikaanza kulia. Hatimaye watu wanakula kwenye ile hoteli.

Mke wangu akachukua sufuria yake. "Mlinzi atapewa kwa utaratibu wa mlinzi," akasema, akatoka. Nikasikia ndala zake zikizunguka baraza.

Nikabaki kando ya ukuta, sahani tupu mkononi.

Ngo, ngo, ngo.

Sikuuliza nani, sikuuliza nini. Nikanyosha.

Sahani ikachukuliwa. Nikasikia ikiwekwa chini, tupu. Na mkono wangu ukashikwa, ukakazwa vizuri, kama anavyonikaza tai.

"Mlinzi," sauti ikasema, taratibu, karibu na vidole vyangu. "Kuna kitu sikukisikia vizuri. Hebu sema tena, kwa nguvu, na wageni wako wasikie. Umeoa, au hujaoa?"

Nyuma yangu vijiko vyote vikatulia.